Wastani wa Mapato si Bei ya Unga: Hesabu ya Mama Kustaafu Ng'ambo ya Mpaka

Najua wengi wenu mnangoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, sijaisahau. Leo naomba mnivumilie niandike juu ya namba za aina nyingine. Nimehangaika nazo kwa wiki sita, na nadhani zitamfaa mwingine mwenye mzazi anayekaribia kustaafu, au anayewaza yeye mwenyewe kwenda kuzeekea nchi ya watu.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huku Malaba, upande wa Kenya. Mwaka ujao anatimiza miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma hapa kwetu tangu 2009 (kabla ya hapo ilikuwa 55). Atapata kiinua mgongo, halafu pensheni kila mwezi. Dada yake mdogo, yaani mama yangu mdogo, ameolewa Tororo, Uganda. Sisi ni Wateso, na mpaka ulitukuta tukiwa pande zote mbili. Hata hapa ninapoandikia palikuwa Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipouhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo Mama kuhamia ng'ambo si jambo la kushangaza mtu.

Lililonishangaza ni hesabu iliyolisukuma wazo hilo. Binamu yangu anayefanya kazi Doha aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba wastani wa mshahara Kenya umepita KSh 70,000 kwa mwezi, na Uganda ni USh 200,000, ambazo ni kama KSh 7,000 na ushee. Hitimisho lake: maisha Uganda ni rahisi mara kumi, na Mama akiwa na pensheni ya elfu thelathini ataishi kama waziri. Vidole gumba vikamiminika. Mjomba akatafuta kiwanja nje kidogo ya Tororo, akakipata, na mwenyewe akataka malipo ya kwanza kabla ya shule kufungwa. Pesa hizo zingetoka kwenye akiba ya Mama ya SACCO, akiba ya miaka mingi ya kushika chaki.

Mama akaniita. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea kompyuta. Nipigie hesabu hii kabla sijatoa hata shilingi."

(Nilisomea sayansi ya kompyuta Maseno, si uchumi. Lakini kwa Mama vyote ni hesabu. :-)

Namba mbili za kweli zisizolingana

Kwanza nilitafuta namba za binamu zilikotoka. Kumbe hakuzitunga. Ile ya elfu sabini inatoka kwenye ripoti ya uchumi inayotolewa kila mwaka na KNBS, shirika letu la takwimu. Ile ya laki mbili ni ya utafiti wa nguvu kazi wa UBOS, shirika la takwimu la Uganda, wa mwaka 2021. Zote ni namba za serikali na zote ni za kweli.

Tatizo ni kwamba hazipimi kitu kimoja. Namba ya Kenya ni wastani wa walioajiriwa katika sekta rasmi peke yao: walimu, polisi, watu wa benki, wa viwandani, wenye hati ya malipo. Mwaka 2023 hao walikuwa kama milioni 3 kati ya wafanyakazi milioni 20. Zaidi ya asilimia 80 wako jua kali, na wakulima wadogo hawamo kabisa katika hesabu hiyo. Namba ya Uganda ni ya waajiriwa wote wanaolipwa, hata kibarua wa shambani na msichana anayeuza dukani. Isitoshe, si wastani. Ni namba ya katikati: ukiwapanga watu wote kwa mstari kutoka anayepata kidogo hadi anayepata kingi, ni mapato ya yule aliyesimama katikati.

Wenzangu wa hifadhidata mtanielewa haraka. Binamu ameunganisha jedwali mbili zisizo na ufunguo mmoja. Kompyuta haitakataa, itakupa jibu safi kabisa, na jibu hilo halitakuwa na maana yoyote.

Wastani na mtu wa katikati

Kwa ambao si wa fani hii, chukueni mfano wa kubuni. Pale stendi ya Busia pamesimama wanabodaboda tisa, kila mmoja anapata KSh 800 kwa siku. (Busia na Malaba ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, enzi za baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.) Anakuja tajiri mwenye malori anayepata KSh 40,000 kwa siku, anasimama nao kununua mahindi ya kuchoma. Wastani wa watu hao kumi ni KSh 4,720. Hakuna hata mmoja kati yao anayepata pesa hizo. Mtu wa katikati bado anapata 800.

Kazini kwetu somo hili tulikwisha lipata. Ukimwambia mteja kwamba mfumo wake unajibu kwa wastani wa nusu sekunde, atafurahi mpaka aone karani mmoja kati ya ishirini anangoja sekunde nane huku foleni ya madereva ikirefuka. Ndiyo maana tunaangalia jibu la katikati, halafu tunaangalia walioachwa nyuma. Ajabu ni kwamba tukitoka kazini tunausahau ujanja huo na kuamini namba ya kwanza tunayoiona kwenye simu.

Tulinganishe vitu vya aina moja basi

Namba iliyo rahisi kulinganisha kati ya nchi na nchi ni pato la taifa kwa kila kichwa. Kwa takwimu za Benki ya Dunia za mwaka 2023, Kenya ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka na Uganda takriban dola 1,000. Ukihesabu dola moja kwa KSh 130, Kenya ni kama KSh 21,700 kwa mwezi. Uganda, kwa dola moja USh 3,700, ni kama USh 308,000, yaani KSh 11,000 hivi.

Tazameni kilichotokea. Tulikuwa na tofauti ya mara kumi, sasa tuna tofauti ya mara mbili. Hakuna bei iliyopanda wala kushuka. Nimebadilisha kipimo tu.

Na hata kipimo hiki msikibusu haraka. "Kila kichwa" ni pamoja na mtoto aliyezaliwa jana. Humo mna faida za makampuni na shughuli za serikali, si mishahara peke yake. Humo mna Nairobi, inayotoa zaidi ya robo ya pato la Kenya nzima ilhali sensa ya 2019 iliikuta na watu milioni 4.4 kati ya milioni 47.6, hata mmoja kati ya kumi hawafiki. Kwa hiyo namba ya "Kenya" ina Westlands nyingi ndani yake kuliko Malaba. Upande wa Uganda, wastani wa kila kichwa (USh 308,000) ni mkubwa kuliko mapato ya mwajiriwa wa katikati (USh 200,000), ingawa kwenye ule wastani tumehesabu hata watoto wachanga. Yule tajiri wa malori yupo kila mahali.

Halafu kumbukeni Septemba 2014. KNBS walipobadilisha mwaka wa msingi wa hesabu, uchumi wa Kenya uliongezeka kwa robo nzima kwenye karatasi, na tukaitwa nchi ya kipato cha kati. Nilikuwa shule ya upili wakati huo. Ugali wa bwenini ulibaki ule ule.

Mapato nusu, bei nusu?

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Tuseme tumekubali kwamba Mganda kwa wastani anapata nusu ya Mkenya. Je, inafuata kwamba Mama atalipa nusu ya bei?

Wataalamu wana namna ya kulijibu swali hili. Kuna mradi wa kimataifa wa kulinganisha bei, ulioanza mwaka 1968 na sasa unasimamiwa na Benki ya Dunia. Bei za vitu vile vile hukusanywa nchi baada ya nchi, kisha wanakokotoa sarafu ya nchi hii ina nguvu gani sokoni ikilinganishwa na dola ya Marekani. Matokeo ya duru ya mwaka 2021 yalitoka Mei 2024.

Kwa kipimo hicho, pato la kila kichwa la Kenya linapanda kutoka dola 2,000 hadi zaidi kidogo ya 6,000. La Uganda linapanda kutoka 1,000 hadi karibu 3,000. Yaani zote zimezidishwa kwa kama tatu. Lau maisha ya Uganda yangekuwa nusu ya bei ya Kenya, Uganda ingezidishwa kwa sita. Haikuzidishwa kwa sita. Maana yake ni kwamba viwango vya bei vya nchi hizi mbili vinakaribiana sana, ingawa mapato yametofautiana mara mbili.

Nilipomweleza Mama hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo Mganda si kwamba ananunua kwa bei ndogo. Ananunua kidogo."

Basi. Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita alimaliza kwa sentensi mbili kile nilichokieleza kwa dakika ishirini. Mapato madogo ya nchi yanakuambia watu wake wanapata kidogo. Hayakuambii kwamba wewe utauziwa kwa bei ndogo.

Mpaka unasawazisha bei

Ukiishi huku hushangai sana. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, na kufikia 2010 ushuru wa ndani kati yetu ulikuwa umeondolewa. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, ukaguzi ukawa mahali pamoja. Kitu kikiwa nafuu upande mmoja asubuhi, jioni kimeshapanda baiskeli kwenda upande wa pili. Mahindi, maharagwe, ndizi na mayai yanakuja Kenya. Saruji, mabati, sabuni na chumvi vinakwenda Uganda. Kila gunia linalovuka linazisogeza bei mbili karibu zaidi.

Chukueni petroli. Ya Uganda kwa sehemu kubwa hushushwa Mombasa, husafiri kwa bomba hadi Eldoret au Kisumu, kisha hupakiwa kwenye malori tunayoyaona yamejipanga Malaba. Meli ile ile, bomba lile lile, na safari ndefu zaidi. Kwa nini iwe nusu ya bei? Mwaka 2025 bei za pande mbili, ukizigeuza kuwa sarafu moja, zilikuwa hazipishani sana.

Vinavyobaki nafuu ni vile visivyoweza kupanda baiskeli kuvuka mpaka: kazi ya mikono ya mtu, na ardhi. Msaidizi wa nyumbani, fundi wa ukuta, kibarua wa kupalilia, chumba cha kupanga. Hivyo ndivyo hufuata mapato ya mahali.

Madaftari mawili

Kwa kuwa takwimu za nchi nzima haziwezi kumjibu mtu mmoja, tulifanya utafiti wetu. Mama alichukua daftari la mistari akaandika kila alichonunua kwa wiki nne upande wa Malaba. Mama mdogo alifanya vivyo hivyo Tororo, kwa orodha ile ile, akawa ananitumia picha za kurasa kila Jumapili. Nikaziingiza Excel, nikaandika programu fupi ya Python ya kugeuza sarafu, kwa kiwango cha KSh 1 kwa USh 28. Nikagawa matumizi ya mwezi katika mafungu manne. Haya ndiyo matokeo kwa kapu la Mama. La kwako litakuwa tofauti.

1. Vinavyovuka mpaka (sabuni, mafuta ya kupikia, sukari, gesi, nauli, simu na intaneti): Malaba KSh 9,000, Tororo KSh 9,000. Vingine vilipanda, vingine vilishuka, jumla ikarudi pale pale.
2. Vya shambani na ziwani (unga wa mahindi, maharagwe, ndizi, mboga, omena): Malaba 6,000, Tororo 5,000.
3. Kazi za watu (msaidizi, fundi, kibarua): Malaba 5,000, Tororo 3,500.
4. Vinavyobaki Kenya hata akihama (kliniki ya presha, michango ya kanisa na ya ukoo, safari za kuja huku, gharama za kubadili pesa): Malaba 4,000, Tororo 5,200.

Jumla Malaba ni KSh 24,000. Jumla Tororo ni KSh 22,700. Ataokoa KSh 1,300 kwa mwezi, kama asilimia 5. Na hapo sijahesabu nyumba, maana Malaba ana nyumba yake na ng'ambo angepaswa kujenga au kupanga.

Kutoka mara kumi, hadi mara mbili, hadi asilimia 5. Hiyo ndiyo safari ya wiki sita.

Angalieni fungu la nne. Takwimu zote za wastani hazina safu ya fungu hili, kwa sababu ni gharama ya kuwa mgeni. Mwenyeji wa Tororo hailipi.

Shilingi mbili zisizotembea pamoja

Pensheni ya Mama itakuwa ya shilingi za Kenya na unga wake utakuwa wa shilingi za Uganda. Hapa kuna hatari ambayo binamu hakuigusa kabisa.

Mapema mwaka 2021 dola ilikuwa kama KSh 110, na shilingi moja ya Kenya ilikupa kama USh 33. Shilingi yetu ikaporomoka hadi dola ikafika KSh 160 Januari 2024, ilhali ya Uganda ilitulia. Shilingi moja ya Kenya ikawa inakupa kama USh 24. Miezi michache baadaye dola ilirudi karibu KSh 130, na tukapanda tena hadi USh 28 hivi.

Iwekeni pensheni ya KSh 30,000 kwenye hiyo bembea:

Mapema 2021: USh 990,000
Januari 2024: USh 720,000
Katikati ya 2024: USh 840,000

Mstaafu wa Kenya aliyekuwa akiishi Tororo alipoteza zaidi ya robo ya pensheni yake katika miaka mitatu, bila serikali kumkata hata senti. Kisha akarudishiwa sehemu bila kuomba. Faida ya kuhama ni asilimia 5. Hatari ya sarafu ni zaidi ya asilimia 25. Mtu wa kubadili pesa pale Busia, aliyekaa na mabunda yake mapajani, anaijua hesabu hii kuliko mimi na digrii yangu, maana kiwango kikisogea ndipo utakapoona soko zima limehama upande.

Kiwanja, kibali na kitanda cha hospitali

Kabla ya kulipia kiwanja, nilisoma sheria (lugha yake si mbali sana na mikataba ya programu, yaani hakuna anayeisoma). Katiba ya Uganda ya 1995 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaruhusiwa kukodisha tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaweka kikomo cha miaka 99. Msiwalaumu, Katiba yetu ya 2010 inasema vivyo hivyo kwa wageni. Lakini ina maana kwamba "kiwanja cha Mama" kingekuwa ukodishaji, au kingeandikwa jina la ndugu wa huko. Hilo la pili nimeona likivunja koo zilizoshikamana kuliko yetu.

Kuna suala la kuishi pia. Kuvuka kwa kitambulisho tumezoea tangu 2014. Tunadhani Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 inaturuhusu kuishi popote. Ukiisoma, haki ya ukaazi imefungwa kwa waliokwenda kufanya kazi au kuanzisha biashara. Mstaafu anayekwenda kupumzika hakutajwa hapo, inabidi afuate taratibu za uhamiaji za nchi husika.

Na afya. Uganda iliondoa ada katika hospitali za serikali mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo mama mdogo dawa zake nyingi hununua dukani. Bima ya Mama ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na vituo anavyovijua vya bima hiyo viko Malaba na Busia. Mtu wa miaka 60 anahesabu umbali wa daktari wake kabla ya kuhesabu bei ya ndizi. Sisi wa miaka ishirini na kitu hatuoni hilo mpaka tuambiwe.

Wastani una kazi gani basi?

Sisemi mzitupe namba hizo. Zina kazi mbili au tatu.

Kwanza, zinakadiria bei ya kazi ya mtu. Fungu la tatu la Mama lilishuka kwa karibu theluthi, na hilo mapato ya wastani yalilitabiri. Ukiwa mtu wa kuhitaji msaidizi na mtunza bustani, utaona nafuu. Ukiwa mtu wa kununua dawa, data na mafuta ya gari, hutaiona.

Pili, zinakuonyesha nafuu hiyo itadumu kiasi gani. Kustaafu ni mradi wa miaka ishirini au zaidi. Mwaka 2000 pato la Kenya kwa kila kichwa lilikuwa karibu dola 400. Aliyekuja wakati ule akidhani fundi atabaki wa bei ya 2000 daima alikuja kushtuka. Mapato ya Uganda nayo yatapanda, na tuwaombee yapande.

Tatu, zinakuambia utakuwa nani machoni pa jirani. Kwa elfu thelathini Malaba, Mama ni mwalimu mstaafu kama wengine. Mahali ambapo mwajiriwa wa katikati anapata elfu saba, atakuwa tajiri wa mtaa. Kila harambee itapitia mlangoni pake, na kila ada ya shule ya mtoto wa mtu. Si vibaya, ila iwekwe kwenye bajeti.

Haya yote yanawahusu pia ndugu zetu walioko Marekani, Uingereza na Ghuba wanaopanga kurudi kuzeekea Kenya. Wanaona "dola 2,000 kwa mwaka" wanafikiri wataishi kifalme. Kisha wanajenga Nairobi na kununua gari lililoagizwa Japani. Kapu lao ni la vitu vya bei ya dunia, lakini wamelipimia kwa mapato ya mkulima wa Nambale. Binamu nilimtumia faili la Excel, akaingiza kapu lake mwenyewe la kurudi nyumbani. Bado hajaandika kitu kwenye kundi. :-)

Tulivyoamua

Mama hakulipia kiwanja. Mjomba alinuna siku mbili, akaja kunywa chai siku ya tatu. Mwenye kiwanja alimpata mnunuzi mwingine, Mungu ambariki.

Lakini Mama hajaacha wazo la Tororo. Aliniambia, "Nimejua sasa kwamba siendi kwa sababu ya bei. Nikienda nitakwenda kwa sababu ya dada yangu. Mume wake amekufa, na mimi baba yako amekufa. Tuna miaka mingapi?" Hilo sikuwa na safu yake kwenye Excel, wala sikujaribu kuitengeneza. Atapanga chumba karibu na mama mdogo kwa miezi sita, nyumba ya Malaba ikibaki wazi na pensheni ikiingia benki ya huku. Miezi sita ikiisha, ataamua akiwa na daftari lililojaa.

Kwa wanaotaka kufanya hesabu kama hii, mfuate utaratibu huu:

1. Ukiona "wastani wa mapato", uliza wa nani, umehesabiwaje, na mwaka gani.
2. Linganisha kipimo kile kile kwa nchi zote mbili, la sivyo usilinganishe.
3. Angalia pato hilo baada ya kusahihishwa kwa bei. Nchi mbili zikizidishwa kwa kiasi sawa, bei zake zinakaribiana.
4. Gawa kapu lako katika mafungu manne: yanayovuka mpaka, ya shambani, ya kazi za watu, na ya ugeni.
5. Mpate mtu anayeishi kule aandike bei kwa mwezi mzima. Daftari la mama mdogo lina thamani kuliko tovuti kumi.
6. Punguza pensheni yako kwa robo kwa ajili ya sarafu. Ukiona bado inatosha, endelea.
7. Panga kabla ya kununua.

Mwenye kuhitaji faili la Excel na ile programu ya Python aniandikie, nitampa bure. Nimefuta bei za Mama, weka zako. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, panapo majaliwa.

Kwa leo ni hayo. Mbaki salama.